Nauli ya Treni Ni Moja, Gharama Ziko Njiani

Bi Msafiri anajibu maswali ya wasomaji

Barua zilizoletwa mwezi huu ni kumi na moja, na saba kati yake zinauliza treni. Sishangai. Vijana wanakwenda vyuoni Bara, na tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kila nyumba ya Unguja na Pemba ina mtu anayetaka kuipanda, walau akaione. Mie treni yangu ya kwanza niliipanda mwaka 1981, nakwenda kusoma ualimu Tabora, daraja la tatu, nimekalia begi langu mwenyewe kwa sababu benchi lilijaa. Tangu hapo sijaacha. Nimechagua barua tano. Zilizobaki majibu yake yamo humu humu.

*

*Shikamoo Bi Msafiri. Mimi nipo Mkoani, Pemba. Mwanangu wa kwanza amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma. Nataka nimpeleke mwenyewe, pamoja na wadogo zake, mmoja ana miaka 9 na mwengine 3, maana sina wa kumwachia. Jirani ananambia treni ya umeme ni zaidi ya laki kwa kichwa. Mwengine ananambia ukenda siku ile ile stesheni wanakupunguzia. Biashara yangu ni vitumbua tu. Nifanyeje nipate tiketi ya bei nafuu? – Mama wa Watatu, Mkoani*

Marahaba mwanangu, na hongera. Chuo si jambo dogo.

Nianze na huyo wa kupunguziwa: hakuna. Tiketi ya treni si mchele wa sokoni Darajani hata usimame dirishani uombe upunguziwe. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, tena kwa hesabu ya kilomita. Treni ya kawaida ilipangiwa shilingi 69.51 kwa kilomita kwa mtu mzima, ndiyo ikawa Dar es Salaam hadi Morogoro 13,000, na Dar es Salaam hadi Dodoma 31,000. Aliyekata mapema na aliyekata jana wanatoa pesa hiyo hiyo. Kinachopungua siku zikisogea ni viti, na viti vya bei ya chini ndivyo vinavyotangulia kwisha. Ukichelewa unaambiwa limebaki daraja la biashara, na hapo ndipo hesabu ya jirani yako inapoanza kupanda. Kwa hiyo kukata mapema hakukupunguzii shilingi, kunakuokoa usilazimishwe kulipa ya juu.

Khalafu uangalie unakata treni ipi. Kuna ya kawaida, inayosimama vituo vya njiani, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa na vyengine, na kuna ya haraka ambayo nauli yake ya Dodoma ilianza kwa 40,000. Zote ni za umeme na zote zinapita juu ya reli moja. Nimepanda zote mbili. Huo muda unaouokoa mie sikuuona thamani ya 9,000, labda kwa mwenye kikao. Katika ya kawaida unapata na nafasi ya kuitazama Kilosa kwa utulivu, na milima ile mtu wa kisiwani akiiona lazima anyamaze. Bei hizi ni za tangu 2024, basi siku ya kukata tazama inayoonekana kwenye mfumo wa Shirika la Reli, TRC, kabla hujatuma pesa.

Watoto sasa. Aliye chini ya miaka minne halipi. Wa miaka minne hadi 12 analipa nusu. Kwa hiyo wewe 31,000, kijana 31,000, wa miaka 9 ni 15,500, na huyo mdogo unampakata bure. Jumla 77,500 kwenda. Kurudi, wewe na wa miaka 9, ni 46,500.

Nikwambie la kukuudhi? Usende.

Najua. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa dahalia, na akaniona aibu mbele ya wenzake mpaka leo ananitajia. Lakini tufanye hesabu. Wewe na wa miaka 9, kwenda na kurudi, treni tu ni 93,000. Hapo hatujagusa boti ya Mkoani na Unguja, mara mbili, boti ya Unguja na Dar, mara mbili, nyumba ya wageni, na chakula cha mtoto wa miaka 3 anayetaka kila anachokiona. Pesa hizo zingemnunulia kijana godoro, ndoo, pasi na chakula cha wiki za mwanzo. Ni mtu mzima. Mpeleke mpaka bandarini Mkoani, mlie hapo, umpe na vitumbua vya njiani.

Kama huwezi kabisa kumwacha, sawa, mie si mama yake. Lakini ukenda au usende, kuna mambo yanayokula pesa kuliko tiketi, na haya ndiyo ninayotaka uyashike.

La kwanza ni saa ya treni. Watu wetu wakiona treni ya asubuhi inapatikana wanakata, wanasahau kuwa kati yao na stesheni kuna bahari. Boti ya kwanza ya kasi ikitoka bandari ya Malindi, Unguja, saa moja asubuhi inafika Dar kama saa tatu. Ukikata treni ya asubuhi ina maana umelala Dar usiku uliotangulia, na chumba cha kulala Dar kinaweza kukutoka sawa na nauli yenyewe. Kijana aje Unguja jana yake, alale kwa jamaa, maana sijaona Mpemba asiyekuwa na jamaa Unguja, apande boti ya saa moja, na tiketi yake ya treni iwe ya mchana au alasiri. Asikate iliyo karibu sana na kufika kwa boti. Hili nimelilipia. Safari moja, mwezi wa saba, kusi limevuma, boti niliyopanda, jina lake naliacha, ilitia nanga imechelewa saa nzima na zaidi. Nikafika stesheni mikoba imenining'inia kama mchuuzi, treni imeshaondoka. Nikalala Dar. Tiketi nikakata nyengine. Safari ya 31,000 ikanigharimu mara tatu yake, na nilikuwa nishawaandikia nyinyi makala mbili za kubana matumizi.

Kurudi ni hivyo hivyo kwa kugeuza. Boti za kasi hazisubiri usiku, ya mwisho ya Dar inaondoka alasiri. Treni ya Dodoma inachukua kama saa nne, kwa hiyo kijana akirudi likizo apande ya asubuhi. Akipanda ya jioni atafika Dar bahari imeshafungwa, na atakupigia simu umwombee pa kulala kwa mjomba wake wa Temeke.

La pili ni jina. Tiketi inakatwa kwa jina na kitambulisho. Sisi tuna Othman, wenzetu Bara wana Athumani. Sisi tuna Khamis, kule ni Hamisi. Kijana wa dirishani akisikia jina anaandika analolijua yeye, si kwa ubaya. Mwambie mwanao asitaje jina kwa mdomo, atoe kadi ya NIDA liandikwe herufi kwa herufi, na akikata kwa simu alisome mara mbili kabla ya kulipa. Kitambulisho hicho asikitie chini ya begi, maana bandarini pia anakihitaji ili atozwe nauli ya mkaazi, si ile ya dola ya wageni.

La tatu ni mwendo mdogo mdogo. Kutoka gati la boti Dar hadi stesheni ya treni ya umeme si mbali, ukitoka nje unaona kanisa la Mtakatifu Yosefu mbele yako, unaifuata Barabara ya Sokoine. Mwenye begi moja anatembea. Mwenye mizigo achukue bajaji na apatane bei kabla hajaweka mguu. Dodoma stesheni iko Mkonze, nje ya mji, na chuo kiko upande mwengine, kwa hiyo hapo atatoa tena. Wanafunzi huwa wengi katika treni moja wiki za kufungua. Atafute watatu wagawane gari moja. Mie kila siku nasema, mtu anayeona haya kuuliza "wewe unakwenda chuoni?" analipa peke yake.

*

*Bi Msafiri, kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza tiketi za treni ya umeme nusu bei. Anasema ana ndugu yake ndani ya shirika. Unatuma pesa kwa namba yake, anakutumia picha ya tiketi. Wenzangu wawili wameshatuma. Na mie nitume? – Kijana wa Jang'ombe*

Usitume.

Nusu bei ni ya mtoto wa miaka minne hadi 12, na wewe kwa mwandiko huu umeshavuka. Ukikata halali, mfumo unakupa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na pesa inakwenda huko, haiendi kwa Fulani bin Fulani. Ikiwa jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha ni la mtu, rudisha simu mfukoni. Na hata hiyo picha ikiwa ya kweli, ina jina la nani? Mlangoni wanatazama tiketi na kitambulisho, si uso wako mzuri. Hao wenzako wawili wahifadhi meseji na namba wapeleke polisi leo, wasingoje siku ya safari.

*

*Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tumestaafu, tupo Makunduchi. Tunataka kwenda Kigoma kumwona binti yetu aliyeolewa huko. Hatuna haraka ila hatuna pesa nyingi. Tumesikia treni ya umeme ni nzuri. Tutafika nayo Kigoma? Na kama ni ile ya zamani, daraja la tatu tutaliweza? – Mzee na Bibi*

Waalaykumu salaam, kaka yangu na wifi. Barua hii nimeisoma mara mbili kwa raha.

Treni ya umeme abiria wake wanaishia Dodoma kwa sasa. Kigoma ni reli ya zamani, Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na mnalala njiani. Msiipime na ile ya umeme. Ile unaingia, unasinzia, unaamshwa Dodoma. Hii ya zamani ni mtaa mzima unaotembea, kuna majirani, ugomvi, mtoto wa mwenzio analala mapajani mwako, na kufika Tabora mnajuana majina.

Daraja la tatu ndilo la bei ya chini kabisa, na nilipokuwa na miaka 20 nililiona pepo. Kwa umri wenu nasema hapana, na hapa naomba msibane. Mgongo ukishaharibika njiani, stesheni ya Saranda, mtaulipia spitali Kigoma. Ulizeni daraja la pili la kulala, lenye vitanda, na ulizeni wakati huo huo kama mtakaa chumba kimoja. Katika treni za kulala, kawaida wanaume huwekwa kwao na wanawake kwao, ila jamaa wakichukua chumba kizima. Wifi asije akajikuta kwengine usiku hana hata wa kumfungulia chupa ya maji. Mkikosa vitanda, daraja la pili la kukaa bado ni bora kuliko la tatu, mna kiti chenu.

Njia nyengine ni kupanda ya umeme mpaka Dodoma kwa 31,000 kila mmoja, kupumzika, kisha basi. Ni ya haraka, lakini mkijumlisha kulala Dodoma na nauli ya basi refu lile, sioni kama mmeokoa kitu, na mmeikosa Tabora. Treni za reli ya zamani hazitoki kila siku, na mvua kubwa za masika zikikata njia hata hizo husimama. Kwa hiyo kwanza pigeni simu mpate siku ya treni, ndipo mkate boti, siyo kinyume chake. Nimeona watu wa shamba wanashuka Dar Jumatatu, treni hakuna, wanakaa siku mbili kwa jamaa mpaka jamaa anaanza kufunga mlango wa jikoni.

Chakula msikihofie. Saranda watakuleteeni kuku dirishani. Tabora asali, na embe msimu wake ukiwepo. Uvinza ni chumvi, nunueni kidogo mwonyeshe watu wa Makunduchi kuwa chumvi nyengine haitoki baharini. Wekeni sarafu na noti ndogo ndogo, maana treni ikianza kuondoka chenji haitoki. Mwaka 1981 nilimwachia mama mmoja wa Saranda noti ya shilingi ishirini kwa kuku wa kumi, anakimbia pembeni ya behewa anacheka, na mie nacheka, na pesa yangu imekwenda.

Ndugu yenu mwengine ameniuliza Mbeya. Mbeya ni reli ya tatu, ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976 kwenda mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Ina stesheni yake Barabara ya Nyerere, mbali na ile ya mjini, na tiketi za TRC hazifai huko. Wanaokosea stesheni ni wengi kuliko mnavyodhani. Naye apige simu kwanza.

*

*Bi Msafiri, naruhusiwa kumpelekea shemeji doriani ndani ya treni ya umeme? – Wa Kizimbani*

Mwanangu. Na harufu ile? Madirisha hayafunguki.

*

*Shikamoo bibi. Nasoma skuli hapa Bububu, fomu ya pili. Mwalimu amesema zamani Unguja ilikuwa na treni ikifika mpaka hapa kwetu. Wenzangu wanabisha. Ni kweli? Na nauli ilikuwa shilingi ngapi? – Mwanafunzi*

Marahaba. Mwalimu wako kasema kweli, nenda kawacheke.

Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake ndogo ya kwendea Chukwani, na mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa injini. Hiyo haikuwa ya watu kama mimi na wewe. Ya watu ilikuja mwaka 1905, ikajengwa na kampuni ya Wamarekani, ikitoka mjini karibu na Ngome Kongwe, inapita Malindi katikati ya nyumba, inakwenda mpaka kwenu Bububu, kama kilomita 11. Serikali ikaichukua mwaka 1911. Barabara ilipotengenezwa na magari yakaingia, abiria wakapungua, na mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria. Ukipita Ngome Kongwe leo, ukiona watalii wanakunywa juisi, ujue pale pale palikuwa na shughuli za treni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati huo, kwao Mtoni. Alikuwa akituhadithia kuwa injini ikitema cheche, na wanawake wakikaa behewa la mbele walijifunika kanga za zamani, mpya waliziweka kikapuni mpaka washuke. Na kwamba pale inapopanda kidogo ilikwenda polepole hata mtoto mwenye mbio angeifikia.

Nauli yake nilimuuliza mara nyingi. Hakuwahi kunijibu, kwa sababu hakuwahi kuilipa. Alikuwa akidandia nyuma, anateremka kabla ya Bububu, na anarudi kwa miguu na nazi mbili za watu.